Matanga ya Watu Wengine

Watu wa mtaa wa Shauri Moyo walikuwa wameona vilio vya kila namna, lakini kilio cha yule mama kwenye matanga ya Mbaluka kiliwashangaza hata vijana waliokuwa wakipanga viti. Hakupiga mayowe. Aliketi nyuma kabisa, karibu na sufuria za chai, akafunika uso kwa kitambaa, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika polepole. Kisha sauti ikamtoka, nzito, isiyo na maneno, kana kwamba ilikuwa imekaa chini muda mrefu ikingoja zamu yake. Wimbo wa Kikamba uliokuwa ukiimbwa ukalegea. Wanawake wakageuza shingo.

"Huyo ni nani?" akauliza Mutheu, dada ya marehemu.

"Sijui. Jana alikuwa hapa. Juzi pia."

"Analia kumshinda mwenye bwana."

Hilo lilikuwa kweli. Kathini, mjane, alikuwa ameketi mbele chini ya turubai, macho makavu, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Tangu Mbaluka, mumewe, aanguke kwenye karakana yake ya vinyago akiwa na patasi mkononi, Kathini hakuwa ametoa chozi mbele ya watu, na mawifi zake walikuwa wameanza kulinong'onea hilo nalo.

Yule mama alilia mpaka akatosheka. Akapenga kamasi. Chai ilipopitishwa akapokea kikombe na mandazi mawili, akayala upesi huku ameinama. Msichana aliyebeba beseni la mandazi aliporudi, akachukua mengine mawili. Halafu akasimama kwa kushikilia kiti cha mbele, akatumbukiza noti kwenye kikapu cha mchango, akashika njia ya Barabara ya Jogoo.

Mutheu alimsindikiza kwa macho. Alilitazama lile tumbo lililotangulia chini ya leso, akalipima jinsi wanawake wanavyopima.

"Hayo si mafuta," akasema. "Kuna kitu hapo ndani. Na mnisikie vizuri, huyo mama hamlilii Mbaluka bure."

*

Jina lake lilikuwa Norah. Mtaani Jericho, alikoishi, walimwita Mama Aluoch. Hakuwahi kumwona Mbaluka akiwa hai. Sura yake aliijua kwa ile picha iliyotundikwa kwenye nguzo ya turubai, basi.

Alipofika nyumbani jioni hiyo, mumewe Zedekiah alikuwa mezani, bado amevaa shati la ofisi. Alikuwa karani wa kaunti, mtu wa kunyoosha mambo, na hata chumvi aliiweka pale pale kila siku.

"Umechelewa."

"Gikomba kulijaa. Mabelo ya nguo yalifunguliwa saa za mwisho." Norah aliuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Jericho, kwa hivyo Gikomba, soko la kununulia mabelo, ilikuwa sababu isiyohitaji shahidi.

Zedekiah alifunua sufuria. "Hii ugali ya mchana imepungua. Ama ilionjwa ikabakia hii?"

Alisema kwa mzaha. Mwaka mzima alikuwa akisema kwa mzaha. Mkate siku hizi aliufungia kabatini kwa kufuli, akasema ni kwa sababu ya panya, na panya wenyewe hakuna aliyewahi kuwaona. Kitandani pia alikuwa amehama. Moto ulipompanda Norah kutoka kifuani hadi shingoni na kumfanya arushe blanketi ukutani, Zedekiah alicheka akasema hawezi kulala na jiko, akahamia kitanda cha Aluoch, binti yao, aliyekwenda chuo Eldoret. Alisema ni kwa wiki moja. Nguo zake zikamfuata huko, kisha viatu, kisha redio.

Hedhi ya Norah ilikoma mwaka uliotangulia. Wenzake sokoni walisema ni raha, gharama imepungua. Yeye alingoja hiyo raha, haikuja. Kilichokuja ni uzito ambao hakuna mizani ingeupima, mbali na ule wa mwili. Aliamka amechoka. Aliuza nguo za watoto bila kumwona mtoto anayejaribishwa. Akala. Alikula chapati akiwa amesimama nyuma ya kibanda chake, akala mihogo ya kukaanga, akala makombo ya wateja wa Mama Soda, muuza chakula wa pale sokoni. Haikuwa njaa. Njaa ina mwisho.

Alikwenda zahanati. Muuguzi, msichana wa umri wa Aluoch, alimpima presha akasema, "Mama, punguza chapati. Na utembee tembee."

"Kuna kitu kingine," Norah alianza.

"Sema tu, mama."

Nyuma yake kikohozi cha foleni kilikuwa kimejaa mlangoni. "Hapana," akasema. "Ni hicho tu."

Basi akatembea. Na kulia hakulia, maana angelilia wapi? Nyumba za Jericho ukikohoa jirani anakuambia pole. Na angelilia nini? Mume ana kazi, mtoto yuko chuo, hakuna mgonjwa. Siku moja jirani yake Khavere alimvuta waende naye matanga ya bibi mmoja wa mstari wa nyuma, bibi ambaye Norah alikuwa amemsalimu labda mara tatu maishani. Wimbo ulipoanza, kitu kilimfunguka Norah kifuani, akalia mpaka blauzi ikalowa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mzee mmoja asiyemjua alimwambia, "Lia, mama, lia. Ndiyo kazi iliyotuleta." Halafu wakampa chai.

Tangu hapo masikio yake yakawa yanatafuta nyimbo. Akisikia ngoma za kanisa upande wa Makongeni, alikwenda. Akiona turubai Kaloleni, alikwenda. Usiku wa siku hizo alilala.

*

Jioni iliyofuata, alipotokea tena Shauri Moyo, Mutheu alimlaki pale pale kwenye kamba za turubai.

"Karibu, mama. Leo wewe usikae huku nje kama mgeni. Njoo ndani na sisi."

Norah aliona haya, na moyoni akafurahi. Ndani kulikuwa na chumba kimoja, kitanda kimesimamishwa ukutani, magodoro chini, na wanawake wamekaa wakiegemeana. Kathini alikuwa pembeni, amenyoosha miguu. Juu ya stuli aliketi Mativo, kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kofia yake juu ya goti. Norah alitafuta chai kwa macho. Hakukuwa na chai. Mutheu alifunga mlango.

"Mama," Mativo alianza kwa upole, "tunashukuru umetulilia ndugu yetu. Sasa tuambie, mlijuana wapi?"

"Tulijuana tu," Norah akasema. "Ni mtu wa hapa."

"Na kwao ni wapi?"

Norah aliwaza juu ya nyimbo zile. "Machakos?"

"Haki!" Mutheu alipiga makofi. "Mbaluka wa Makueni! Hata kwao alimficha!"

"Mimi sikusema..."

"Kila Jumamosi Mbaluka anatuambia anapeleka vinyago mjini. Kumbe vinyago vyenyewe ni hivi. Na huyu hakuchongwa, huyu alinoneshwa. Angalieni! Pesa ya watoto wa kaka yangu iko hapa mbele yetu, imevaa leso."

"Mutheu," Mativo akasema.

"Wacha niulize kama mwanamke. Mama, hiyo tumbo ni ya nani?"

Norah aliliangalia tumbo lake. "Nina miaka hamsini na mbili," akasema.

"Sara wa Biblia alikuwa na tisini."

Mativo aliinua mkono. "Mama, sisi hatutaki vita. Ijumaa tunasafirisha mwili. Tumeona familia za watu zikisimamishwa na barua ya korti jeneza likiwa mdomoni mwa kaburi, eti kuna bibi mwingine. Kama una dai, dai lako lisikike leo, tuketi kama watu wazima. Kama kuna mtoto, mtoto ni wetu."

"Sina dai, mzee. Hakuna mtoto."

"Basi unalia nini?"

Jasho lilimwanza Norah nyuma ya masikio, ule moto ukapanda, uso ukamwiva mbele yao wote, na wanawake wakatazamana kwa maana hiyo aibu waliijua, au walidhani wanaijua. Mutheu aliuchukua mkoba wa Norah, akaufungua. Akatoa chapati iliyofungwa kwa gazeti. Akatoa nusu ya andazi ndani ya tishu, andazi la jana, la pale pale. Akatoa simu.

"'Baba Aluoch'," akasoma. "Kumbe ana bwana!"

"Nakuomba usimpigie huyo," Norah akasema. "Nakuomba, dada yangu."

Ombi hilo ndilo lililommaliza. Hata waliokuwa wakimhurumia waliacha.

*

Zedekiah alifika beji ya ofisi ikiwa bado shingoni. Mativo alimpisha stuli, akamweleza jambo lote kwa heshima, akiliita "hiki kidude kidogo" na "kutoelewana," huku akipangusa paji la uso. Zedekiah alisikiliza amesimama. Kisha akamgeukia mkewe.

"Norah. Huyu mwanaume ulikuwa naye?"

Norah aliona njia mbili. Angesema ndiyo, wangemtukana, pengine wangemrarua nguo, lakini wangemwelewa. Mwanamke aliyelala na mume wa mtu ana jina, na ana mahali pake katika hadithi za watu. Angesema ukweli, je, ukweli wenyewe unaitwaje?

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona. Nilikuwa napita kutoka Gikomba nikasikia mkiimba."

"Ukaingia?"

"Huwa naingia. Hata kwingine. Nakuja kulia." Alimeza mate. "Na kula. Nyumbani siwezi kulia, Baba Aluoch, sina cha kulilia. Hii tumbo ni chakula. Damu ilikatika mwaka jana, na tangu hapo niko kama mtu aliyefiwa na hajaambiwa ni nani. Hapa angalau kuna maiti."

Halafu msichana mmoja karibu na mlango akaguna, "Kumbe ni mandazi!" na kicheko kikapasuka. Walicheka kwa kushusha pumzi, kwa kuwa korti imewapita, kwa kuwa Mbaluka amerudi kuwa mume mwema. Walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Matusi Norah alikuwa ameyavumilia. Kicheko kilimwinamisha.

Zedekiah alitoa pochi. "Alikula kiasi gani?"

"Mzee, hapana," Mativo akasema.

"Nauliza mandazi ni ngapi. Siku zote."

"Rudisha pesa yako mfukoni, ndugu yangu. Chakula cha matanga hakiuzwi."

Zedekiah aliweka noti juu ya stuli hata hivyo. Ilikaa pale, hakuna aliyetaka kuigusa.

Ndipo Kathini, mjane, alipofungua mdomo. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Mutheu, mrudishie mama mkoba wake."

"Wifi, huyu..."

"Mrudishie. Mimi nilikuwa nafurahi akija. Nyinyi mmekaa mnaniangalia macho kama nimemuua. Yeye akilia, mnaacha kuniangalia mnamwangalia yeye. Nilikuwa napumzika." Alimtazama Norah. "Asante, mama."

Norah alitaka kwenda pale pembeni akae karibu naye. Lakini Zedekiah alikuwa ameshamshika kiwiko.

*

Walirudi kwa miguu, mume mbele, mke nyuma. Walikuwa wamevuka reli wakati Zedekiah aliposema, bila kugeuka:

"Afadhali ungekuwa na bwana mwingine."

Norah aliendelea kutembea nyuma yake.

"Hilo ningelijua. Ningekufukuza au ningekusamehe. Ningemwambia kaka yangu, naye angejua la kunishauri. Sasa hii nitamwambia nani? Kwamba mke wangu anazunguka kwa wafu kama kunguru?"

"Usimwambie mtu."

"Shauri Moyo yote inajua! Unafikiri Jericho iko ng'ambo ya bahari?"

Hakukosea. Siku mbili hazikupita, vijana wa kuosha magari walikuwa wakimwita, "Niaje, Mama Mandazi! Leo ni kwa nani?" Mteja mmoja sokoni, mwanamke ambaye watoto wake wote walivaa nguo za Norah, alimwambia akicheka, "Kwangu usije, sisi bado tuko hai." Norah alicheka pamoja naye, akamfungia sweta, akampunguzia bei.

Zedekiah alimpigia simu kaka yake aliyekuwa kijijini Ugunja hata hivyo. Alimwambia kwamba Norah hajisikii vizuri. Ikaamuliwa kwa simu, wanaume wawili wakiongea kwa sauti ya chini, kwamba Jumamosi aende kijijini akakae na mama mkwe.

"Upumzike kidogo," Zedekiah akamweleza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka upone."

"Nipone nini?"

Zedekiah alisogeza kile kikopo cha chumvi, akakirudisha. "Hapa watu wanaongea, Norah. Huko kuna hewa."

"Na kibanda changu?"

"Tutaona."

Norah alijua "tutaona" ya mumewe. Kibanda sokoni kikikaa mwezi bila mtu kinapata mwenyewe mwingine. Na kijijini, katika nyumba ya mama mkwe, mwanamke aliyerudishwa na mumewe hupikiwa vizuri, husemwa vizuri, na harudi.

*

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa mlangoni. Norah alivaa gauni lake la kanisani, la buluu, kwa sababu mama mkwe asingependa kumwona amekuja na leso kama anatoka jikoni. Zipu ilikwama katikati ya mgongo.

"Nisaidie," akamwambia mumewe.

Zedekiah aliweka kikombe chini. Hakuwa amemgusa mgongo tangu redio ihame. Alishika kitambaa kwa mkono mmoja, akavuta kwa mwingine. "Ingiza pumzi."

"Nimeingiza."

"Ingiza tena."

Akavuta. Mshono wa zipu ulipasuka kutoka shingoni hadi kiunoni, sauti ndefu, na zipu ikabaki mkononi mwa Zedekiah.

"Ah, samahani," akasema. "Norah, samahani, nilikuwa..."

Norah aliketi kitandani. Alikaa hivyo kidogo, gauni limemfunguka mgongoni. Halafu akalia. Hakukuwa na wimbo wa kumtangulia wala picha kwenye nguzo. Alilia kwa ile ile sauti ya Shauri Moyo, na katika chumba kidogo chenye dari ya mabati ilikuwa kubwa mara mbili.

"Norah, shh. Watu." Zedekiah alikimbilia dirisha, akalifunga. "Watu, Mama Aluoch, nakuomba."

Watu walikuwa wameshasikia. Milango ilifunguka mstari mzima. Khavere alikuja mbio, leso ameikaza kiunoni, unga wa mahindi mikononi, na nyuma yake wanawake wawili, na nyuma yao Baba Mumo wa nyumba ya pembeni, ambaye alikuwa amebeba viti vinne vya plastiki kwa kuwa aliwahi kuwa katibu wa kamati nyingi za mazishi na aliijua kazi.

"Nani amekufa?" Khavere akauliza kabla ya kufika. "Baba Aluoch, ni nani? Si Aluoch? Niambie si Aluoch!"

Zedekiah alisimama mlangoni, zipu bado mkononi. Alikuwa na wajomba wengi kijijini, wazee, wagonjwa. Ingetosha kumtaja mmoja. Norah alisikia kutoka kitandani jinsi mumewe alivyovuta pumzi, naye alimjua mumewe, akajua kwamba jina la mjomba lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Hakuna aliyekufa," Zedekiah akasema. "Ni mke wangu analia."

"Analia nini?"

"Sijui." Alitazama chini. "Yeye mwenyewe hajui. Amekuwa hivi mwaka mzima."

Wale wanawake wawili waliangaliana. "Kumbe hakuna kitu," Baba Mumo akasema, bila ubaya, akainua viti vyake akarudi navyo, na wale wawili wakamfuata, mmoja akigeuka geuka. Hakuna aliyechangisha wala aliyetandika turubai.

Khavere alibaki. Alivua ndala mlangoni, akafuta unga kwenye leso, akaingia. Mguu wake uligonga begi.

"Na hili ni la safari ya nani?"

Zedekiah aliliangalia begi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelipanga. Alilisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza, na kwa kuwa lilikuwa limejaa, akalazimika kulisukuma mara ya pili. Kisha akaja akaketi kitandani kando ya Norah. Hakujua afanye nini na mikono yake. Ule mgongo ulikuwa mbele yake, mpana, umelowa jasho, ukipanda na kushuka. Akaweka kiganja hapo. Ulikuwa wa moto kweli. Akakiondoa, akakaa kidogo, akakirudisha.